Slabu ndo inakula Wi-Fi

Nyumba nyingi zinazoota huku Ilazo na Kisasa, Dodoma, ni za ghorofa moja, vyumba juu, sebule na jiko chini, halafu fundi wa intaneti akija anapitisha waya wa faiba kwenye dirisha la kwanza analokutana nalo na ruta inaishia nyuma ya TV. Kwangu ndo hivyohivyo. Ofisi yangu iko juu, upande wa nyuma kabisa, na mikutano ya mtandaoni ilishakuwa ni ya kuulizwa tu "dada unatusikia?", mi nawasikia vizuri ila wao wanapata nusu neno.

Mtoto wa kaka yangu anasoma UDOM, yani Chuo Kikuu cha Dodoma, akija wikiendi anaanza kulalamika hata viatu hajavua. "Shangazi ongeza kifurushi bwana, spidi ya Mbps 20 siku hizi ni nini?" Nikamwambia sawa, ila kwanza tujue spidi inapotelea wapi, maana hela ya kila mwezi haina utani. Tukachomeka laptopu kwenye ruta kwa waya, tukapima, 19 na pointi. Tukatoa waya tukapima kwa Wi-Fi palepale sebuleni, karibu ileile. Tukapanda juu, 2. Mbili! Yani mzigo wote umeshafika nyumbani, unapotelea humu ndani, na hata ningenunua kifurushi cha 100 huku juu ningeendelea kula makombo. (Halafu jamani Mbps ni megabiti kwa sekunde, ni biti, sio baiti, baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ukiwa na 20 ukaona faili linashuka kwa megabaiti 2 na nusu kwa sekunde hujaibiwa na mtu.)

Mhusika ni slabu, lile zege linalotenganisha chini na juu. Zege nene, ndani wavu wa nondo kila upande, na chuma ndo kitu mawimbi ya redio hayakipendi kabisa. Wi-Fi ina mawimbi ya aina mbili, ile 5 GHz yenye mbio ndo inachoka mapema zaidi kwenye zege, ile 2.4 GHz inajitahidi kupita ila imejaa majirani, maana chaneli (njia za mawimbi) zisizoingiliana pale ni tatu tu, 1, 6 na 11, na mtaa mzima mnagombania hizohizo. Kinachonichekesha ni kwamba nilichagua chumba kile kwa sababu ya slabu hiyohiyo. Katuni za watoto, blenda, wageni wa jioni, vyote vinabaki chini, juu unasikia upepo wa Dodoma tu unasukuma madirisha. Nilitaka zege linizibie kelele halafu liniachie intaneti ipite, ndo binadamu tulivyo.

Tulianza na vya bure. Ruta tukaitoa nyuma ya TV tukaiweka juu ya shelfu, mbali nayo. Antena moja tukailaza, kwa sababu antena ikisimama wima inatupa mawimbi pembeni zaidi, moja kwa moja juu inatupa kidogo sana, sasa mwenye ofisi juu ya ruta anapata nini? Chaneli nayo tukahamisha. Ikapanda mpaka 6, barua pepe zinaenda, video bado inaganda.

Dukani mjini wakanishauri ripita, kifaa kinachodaka Wi-Fi ya ruta na kuirusha tena. Sikuitaka, kwa sababu ripita nyingi za bei rahisi zinapokea na kutuma kwa redio moja, kama mtu mmoja kwenye mstari wa kupokezana ndoo, hawezi kupokea ndoo nyingine huku bado anatoa hii, kwa hiyo spidi inakatika karibu nusu. Na ukiichomeka kule ambako mtandao umeshakuwa mbovu, inakurudishia huo ubovu ikiwa imeuongezea vistari vya simu tu.

Nikamwita fundi umeme. Alitaka kupitisha waya wa mtandao kwenye bomba moja na nyaya za umeme, akasema "dada mbona itakuwa haraka", nikakataa, sio salama na umeme unaweza kuvuruga mawasiliano kwenye waya. Tukapita nje ya ukuta. Waya wa mtandao wa aina ya Cat6, ile nyeusi ya nje inayostahimili jua, maana jua la huku waya wa ndani linaufanya ukauke na kupasuka. Umbali wala haukuwa shida, waya wa aina hiyo unaruhusiwa mpaka mita 100. Mwisho wa waya kule juu nikaweka akses pointi ndogo, kifaa cha kurusha Wi-Fi kutoka kwenye waya, jina na pasiwedi vilevile vya chini, na kompyuta ya kazini nikaichomeka waya moja kwa moja. Sasa hivi ofisini inasoma 19, kifurushi ni kilekile.

Kimya changu ndo kimepungua sasa. Yule kijana wa UDOM kagundua Wi-Fi ya juu haina msongamano, anapanda na laptopu yake anakaa sakafuni, wadogo wanamfuata na tableti, mama mwenye nyumba nafanya mkutano huku nimezungukwa na miguu ya watu. Hela iliyobaki nitanunua betri mbili za akiba za volti 12, moja ya ruta moja ya akses pointi, kwa sababu umeme ukikatika hata kama faiba bado iko hai, hivi viwili vikizima hakuna kitu.