Kuifuatilia Meli ya Mkoani kwa Simu

Tangu mpwa wangu aniwekee kwenye simu programu inayoonyesha meli zilizo baharini, kila mtu wetu anaposafiri kutoka Mkoani, Pemba, kuja bandari ya Malindi hapa Unguja huifuatilia meli yake, na shangazi, ambaye hana imani na ile pembetatu inayotambaa, huniuliza: "Mwanangu, nani anayeiona?" Haionwi na mtu, humjibu, bali hujitangaza yenyewe. Kipokezi chake hupokea mawimbi ya satelaiti za GPS, zinazozunguka takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, na kwa kulinganisha nyakati za mawimbi ya satelaiti nne au zaidi hujua mahali kilipo. Kisha mtambo uitwao AIS hutangaza kwa redio mahali meli ilipo, mwendo na mwelekeo wake, kila baada ya sekunde chache ikiwa inakwenda, na jina lake kila baada ya dakika chache. Redio hiyo haifiki mbali sana, na vipokezi vinavyoinasa na kuipeleka kwenye simu viko nchi kavu, ndiyo maana katikati ya mkondo wa Pemba alama huweza kuganda ilhali meli inasonga. Hapo shangazi huanza kuvuta uradi, wala maelezo yangu hayamtulizi.

Ngalawa na mashua zetu nyingi hazimo kwenye ramani ile, jambo ninaloliona kuwa kasoro kubwa, kwani wavuvi ndio wanaotafutwa kwa taabu zaidi kusi inapochafua bahari. Kifurushi kilichotumwa nacho hufuatiliwa kwa simu, lakini kwa njia nyingine kabisa: husomwa namba yake kila kinapopokewa ghalani, na baina ya ghala moja na jingine kwa kawaida simu haina jipya la kuonyesha.