Bajeti Inayosimulia Filamu Nyingine

Katika mafunzo ya maombi ya fedha ninayosaidia kuyaendesha kwa watayarishaji wa filamu wa Kanda ya Ziwa, hadithi huwa nzuri, mara nyingi kuliko zile zinazotoka Dar es Salaam, lakini bajeti husimulia filamu nyingine kabisa. Muswada una matukio ya usiku ziwani, ilhali kwenye bajeti hakuna mtumbwi, mafuta ya jenereta wala posho ya wavuvi watakaokesha na wapiga picha.

Msomaji wa maombi katika mfuko wa filamu ulioko Rotterdam au Berlin huenda hajawahi kufika Ukerewe, hivyo hulinganisha nyaraka alizoletewa. Akikuta upigaji picha wa siku 20 na malazi ya siku 12, huanza kutilia shaka hata yaliyo sahihi. Ndiyo sababu napendelea muda mwingi wa mafunzo utumike kupatanisha muswada, ratiba na bajeti, tukio kwa tukio, badala ya hotuba za kutiana moyo, ambazo sijaona zikimpatia mtu shilingi.

Lipo pia suala la michango isiyo ya fedha taslimu. Mtayarishaji wa mkoani huazimwa nyumba na mjomba, akapewa boti na rafiki na chakula na akina mama wa mtaani, naye huhesabu yote hayo kuwa ukarimu tu, asiyaandike. Yakikadiriwa kwa bei ya soko na kuambatanishwa na barua za waliotoa, huingia katika mpango wa fedha kama sehemu iliyokwisha kupatikana. Fungu la dharura, ambalo kwa desturi ni asilimia 10 ya bajeti, nalo lionekane.

Wafadhili nao hawafanani. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo, kwa hiyo mwombaji lazima aeleze mapato yatakayolipa deni. Hubert Bals Fund wa Rotterdam, ulioanzishwa mwaka 1988, na World Cinema Fund wa Berlin, ulioanza mwaka 2004, hutazama zaidi uzito wa kisanaa wa mradi, huku Docubox ya Nairobi ikijulikana kwa filamu za hali halisi za Afrika Mashariki. Barua moja inayonakiliwa na kupelekwa kote haimtoshelezi yeyote.

Ningependa mafunzo haya yafanyike miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, kwa kuwa ridhaa ya maandishi ya mwenye riwaya, au ya familia ambayo maisha yake yanasimuliwa, ni nadra kupatikana kwa wiki moja.