Ailime na Kuitunza

Wapendwa katika Bwana, neno letu la juma hili limo katika Mwanzo 2:15: "BWANA Mungu akamtwaa huyo mtu, akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza." Kazi hiyo ilitolewa kabla ya anguko, kabla ya miiba na jasho la uso tunavyovisoma katika sura ya tatu, na kwa hiyo hatuna haki ya kukihesabu kilimo kuwa sehemu ya laana. Adamu hakupewa dunia yote aitazame kwa mbali. Aliwekwa mahali pamoja, akapewa kazi ya mikono.

Sisi wenye asili ya miteremko ya Kilimanjaro tunaijua bustani ya namna hiyo, nayo tunaiita kihamba. Juu husimama miti mirefu kama mringaringa na mruka, chini ya kivuli chake migomba, chini ya migomba kahawa, na karibu kabisa na udongo magimbi na maharage. Ng'ombe hulishwa zizini kwa majani na mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, na samadi yake hurudishwa kwenye migomba hiyo hiyo. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu mkoani Kilimanjaro, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Kinachonigusa zaidi ni mgomba wenyewe. Shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa; lakini kabla ya siku hiyo mlimaji amekwisha kuchagua chipukizi la kuliachia nafasi na mengine ya kung'oa, na uchaguzi huo hujifunzwa kwa kusimama shambani kando ya mama au bibi, msimu baada ya msimu. Anayefanya hivyo kwa miaka huijua migomba yake mmoja mmoja, akatambua upi unahitaji kuegemezwa kabla upepo haujauangusha. Humo kihambani yamo pia makaburi ya wazee wake, na mpaka wake umepandwa masale, mmea ambao Mchaga huuchukua anapomwendea aliyemkosea kuomba msamaha. Siamini kwamba mtu anaweza kupalilia mahali kama hapo na kuendelea kuuona uumbaji kama kitu kilicho nje ya maisha yake.

Hata hivyo ukaribu huo haumfanyi mlimaji kuwa mwenye kuutoa uzima. Bwana Yesu, katika Marko 4, anasema juu ya mtu aliyemwaga mbegu, akawa akilala na kuondoka, nayo mbegu ikamea na kukua "asivyojua yeye." Mtu huyo anafahamu majira, udongo na mundu, na papo hapo jambo kubwa kuliko yote linatendeka akiwa usingizini. Kwangu, hapo ndipo kazi ya bustani inapogeuka kuwa sala, kwa sababu mikono imekwisha kufanya sehemu yake na moyo unalazimika kumngojea Mungu.

Wengi wetu sasa tunaishi mijini, katika nyumba za kupanga zisizo na ua. Kiroba kilichojazwa udongo na samadi iliyooza kinatosha kuotesha mchicha, nao huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Naomba anayeweza apande juma hili, na asome Marko 4:26–29 katika siku zile ambazo mbegu bado haijaonekana. Nasi tuliowaachia wazazi vihamba, tukavizoea kuviona wakati wa Krismasi tu, tuwapigie simu kabla ya masika, tuwaulize kama wanahitaji samadi, miche au kibarua wa kuwasaidia kupalilia, kisha tutume tulicho nacho.