Maji Yalikuwa Yametulia

Julai 2009 nilikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii Serengeti. Likizo ilipofika nikapewa kiti cha bure kwenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja, kutoka Seronera hadi uwanja wa Arusha, pale Kisongo. Wageni walijaza nyuma, mimi nikaketi mbele kando ya rubani. Nikaona nimebahatika.

Anayeijua Arusha anaijua Julai yake: baridi, na wingu zito linaloshuka karibu na migomba. Ngorongoro tuliivuka kukiwa kweupe. Tulipoliacha Ziwa Manyara wingu likatumeza, na rubani akaanza kushuka taratibu. Hapo ndipo mojawapo ya saa za vipimo kwenye dashibodi, ile inayoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, ilipoanza kupepesuka kama mlevi, kisha ikazima. Ya mwelekeo nayo ikakwama. Rubani akaigonga kwa kidole, vilevile ninavyogonga mtungi wa gesi kujua umebaki kiasi gani.

"Kapteni, kuna shida?"

"Kaka, subiri kwanza."

Mwili wangu uliniambia tumenyooka. Hata chupa ya maji niliyoshika mapajani ilikuwa shwari, maji hayakuegemea popote. Kumbe tulikuwa tumelalia kushoto, tunakata kona polepole. (Baadaye akanieleza kwamba ndege ikikata kona vizuri, maji, masikio na makalio vyote hudanganyika pamoja.) Na kushoto kule ndiko uliko Mlima Monduli, unaozidi mita 2,600. Sisi tulikuwa chini ya hapo.

Wingu likapasuka, nikaona miti. Haikuwa chini yetu. Ilikuwa mbele, na mingine imejaa kwenye dirisha la rubani, yenye zile ndevu za kijivu za msitu wa mlimani. Nikamkumbuka babu, aliyekuwa akitusimulia habari za ndege ya Dakota iliyogonga Kilimanjaro Mei 1955 ikaua wote 20 waliokuwemo. Siku zote niliuliza, mlima mkubwa namna ile, rubani anaukosaje kuuona?

Injini ikanguruma, tukalalia kulia, pua ikapanda hadi king'ora kikalia. Mgeni mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mbwembwe.

Tulipotokeza juu ya wingu, Meru ilikuwa pale, mita 4,566, na Kilimanjaro nyuma yake. Rubani akaikazia macho kama mtu anayepapasa ukuta gizani, akanyoosha mabawa kwa kuitazama. Hakusema neno. Shati lake lilikuwa limeloa mgongo mzima. Akazunguka kusini mpaka wingu lilipokatika, tukatua KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro.

Nikampigia mke wangu.

"KIA? Mimi niko Kisongo tangu saa tatu! Mmefuata nini huko?"

Nikamwambia kulikuwa na mawingu.