Kumbukumbu ya mradi wangu: mwanga umefika ndani

Chumba cha ndani kimepata mwanga. Naiandika sentensi hiyo kwa furaha ambayo wenzangu waliowahi kupambana na mkato wa nyumba ya Kiamu, yaani ya Lamu, wataielewa, kwa sababu hakuna ukuta uliotobolewa, hakuna paa lililofunguliwa, wala hakuna mlango uliopanuliwa. Zilizobadilika ni nyuso peke yake, yaani sakafu, dari na lipu, na katika masomo yangu yote ya mwaka huu sijapata somo la usanifu lililonikaa akilini kama hili.

Kwa ambao hawakufuata hatua zilizotangulia, mradi wenyewe ni kusanifu upya ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe ya mtindo wa Lamu iwe makao ya familia ya leo yenye watoto wanaosoma. Vipimo nilivichukua Lamu kwenyewe, vingi vikitoka katika nyumba ya karne ya 18 ambayo sasa ni makumbusho, kisha nikaviunganisha katika nyumba moja ya mfano. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kwa heshima hiyo nilijiwekea sharti kwamba kuta zisiguswe. Hata pasingekuwa na orodha yoyote ningelishika sharti hilo, maana ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye unene unaokaribia nusu mita, hubeba mzigo kwa uzito na mshikamano wake wote, na anayeutoboa kwa ajili ya dirisha jipya huwa ameanzisha kazi ya miaka mingi kwa fundi atakayemfuata.

Mpangilio tunaujua. Boriti ya mkoko haivuki kwa usalama nafasi inayozidi mita 2.5 au 3 hivi, kwa hiyo kila chumba ni chembamba na kirefu, na vyumba hulala sambamba kimoja nyuma ya kingine: ukitoka kiwandani, yaani kwenye ua ulio wazi juu, unaingia msana wa tini, ukumbi wa kwanza, kisha msana wa yuu, ukumbi wa pili, na nyuma yake ndicho chumba cha mwisho, kiitwacho ndani. Kwa jumla ndani iko mita sita au saba kutoka kwenye anga la wazi, haina dirisha la nje, na mwanga wake wote hupitia milango inayoitenga na msana wa yuu. Kanuni tunayofundishwa ni kwamba mwanga wa upande mmoja hufaa hadi kina cha takribani mara mbili au mbili na nusu ya kimo cha uwazi unaouingiza. Kwa uwazi wa mita 3, kanuni hiyo inaishia mlangoni mwa ndani, na hapo ndipo mradi wangu ulipokwama kwa sehemu kubwa ya muhula.

Kabla ya kuingia kwenye tatizo lenyewe, niseme neno juu ya jua, kwa kuwa ndilo lililonifanya niiheshimu nyumba hii zaidi. Nyumba nyingi za zamani za Lamu zimepangwa misana ikitazama kaskazini, upande wa Makka. Lamu iko takribani nyuzi 2.3 kusini mwa ikweta. Mwezi Desemba, kaskazi ikiwa imeshaanza na joto likikaza, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, likiwa limeinuka nyuzi 69 hivi, kwa hiyo halipigi kabisa ndani ya msana. Mwezi Juni, wakati wa kusi na ubaridi wake, jua huhamia kaskazini kwa kimo cha nyuzi 64, na kwa uwazi wa mita 3 huingia msanani karibu mita moja na nusu tu. Sijaona kivuli cha alumini, cha bei yoyote, kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko mwelekeo huo mmoja uliochaguliwa kwa ajili ya ibada.

Sasa tatizo. Kipimo nilichotumia ni asilimia ya mwanga wa nje inayofika mezani siku ya mawingu. Katika hali ya kuanzia, yaani lipu iliyochakaa, sakafu ya saruji ya kijivu na boriti nyeusi, meza niliyoiweka karibu na mlango wa ndani ilipata asilimia 0.3 hivi. Anga la mawingu angavu likitoa laksi 20,000 (laksi ni kizio cha kupimia mwanga unaoangukia uso), hizo ni laksi 60 tu, na vitabu vyetu hupendekeza laksi 300 kwa meza ya kusomea. Nilipanua milango kwenye kompyuta: kipimo kilipanda kidogo sana, lakini kitanda kikaonekana wazi kutoka msanani. Nyumba hii imejengwa kwa stara kutoka daka, yaani kibaraza cha mlango wa kuingilia, hadi ndani, kila hatua ikimzuia mgeni kidogo zaidi, na mpango unaoleta mwanga kwa kuvunja stara siuhesabu kuwa suluhisho. Nilijaribu pia kioo kilichoinamishwa juu ya kiwanda, nikakiacha, maana jua la Juni lilikigeuza kuwa tanuri juu ya vichwa vya watu.

Mlango wa fikra ulifunguliwa na mpangilio mmoja wa programu. Kwa michoro natumia AutoCAD, na kwa kuona umbo haraka natumia SketchUp, ambayo bado naiona kuwa chombo bora kwa mwanafunzi anayetaka kufikiri kwa mikono yake. Kwa mwanga, hata hivyo, picha nzuri za kompyuta siziamini tena, kwa sababu programu nyingi za picha hurekebisha ung'avu zenyewe, na chumba cha giza hutoka kikiwa na haiba ya alasiri. Nilihamia Radiance, programu ya bure iliyotokana na kazi ya Greg Ward katika maabara ya Berkeley, Marekani. Haina sura ya kuvutia, huandikiwa amri kwa maandishi, na mwanzoni huchosha kweli kweli, lakini hutoa namba za mwanga badala ya kukupendezesha.

Ndani ya Radiance kuna tarakimu inayoiambia programu ifuatilie mwanga unavyoakisiwa mara ngapi kabla ya kuacha kuhesabu. Kwa ofisi yenye madirisha makubwa, mara mbili au tatu hukupa picha ya kuridhisha. Katika nyumba yangu, kwa mara mbili, chumba cha ndani kilitoka cheusi kana kwamba hakina mlango. Nilipopandisha tarakimu hadi nne, ukuta wa nyuma ulianza kuonekana. Nilipofika saba, chumba kilikuwepo. Nilikaa mbele ya picha hizo kwa muda mrefu. Zilikuwa zinaniambia kwamba karibu kila chembe ya mwanga inayofika ndani imekwisha kugusa sakafu ya kiwanda, dari ya msana, ukuta, sakafu nyingine, na pengine dari tena, kabla ya kuvuka mlango wa mwisho. Mwanga wa ndani hupokezanwa kutoka uso hadi uso kama ndoo za maji kwenye foleni ya kuzima moto, na kila mkono mzembe humwaga sehemu yake.

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo iliyonishtua. Chokaa nyeupe iliyopakwa upya huakisi takribani asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, ilhali uso uliofifia kwa vumbi na moshi unaweza kushuka hadi asilimia 50. Kwa macho, tofauti hiyo huonekana ndogo mno ukiwa chumba chenye dirisha. Lakini baada ya kuakisiwa mara nne, uso wa asilimia 80 huwa umebakisha asilimia 41 ya mwanga, na ule wa asilimia 50 umebakisha asilimia 6 na kitu. Ni zaidi ya mara sita! Hakuna upanuzi wa mlango unaoweza kukupa mara sita. Chumba kilikuwa na giza kwa sababu ya rangi ya nyuso zilizo mbali nacho, katika vyumba ambavyo sikuwa nimepanga kuvigusa.

Kuanzia hapo niliacha kabisa kukitazama chumba cha ndani na kuanza kurudi nyuma, uso baada ya uso. Wa kwanza ni sakafu ya kiwanda, kwa sababu mwanga wa anga huangukia pale kutoka juu, na kila kinachofuata hutegemea kiasi kinachoinuliwa kutoka hapo. Saruji ya kijivu niliibadilisha kuwa sakafu ya chokaa iliyosuguliwa, na hatua hiyo peke yake iliongeza mwanga wa meza ya ndani kuliko mlango uliopanuliwa. Wa pili ni dari ya misana, nayo ilinitesa. Boriti zimepangwa kwa ukaribu, ni nyeusi kwa umri, na kati yake kuna vijia vya kivuli ambavyo humeza mwanga uliopanda kutoka sakafuni. Kuzipaka boriti chokaa kungemaliza shida, ila mkoko wenyewe ndio unaoeleza kwa nini chumba kina upana ule, na sikutaka kuufuta machoni pa anayeishi humo. Hatimaye niliziacha boriti katika rangi yake na kuzitia weupe nafasi zilizo kati yake, pamoja na sehemu za juu za kuta zinazokutana na dari. Mwanga uliopotea kwa uamuzi huo ni wa kuhisika, na nimeukubali.

Nilithibitisha kwa kielelezo cha kadibodi cha skeli 1:20, kwa sababu mwanga haujali udogo wa chumba na kielelezo kilichofunikwa vizuri husema kweli ileile. Kwa watakaofuata njia hii: bodi nyeupe ya povu hupitisha mwanga, kwa hiyo ifunikeni kwa nje na karatasi nyeusi, na viungo vyote vibandikwe. Mawingu ya masika pwani yalinipa anga nililolihitaji. Kipimo cha mezani, karibu na mlango, sasa ni asilimia 1.2 hivi, yaani laksi 240 kwa anga lile la laksi 20,000. Haijafika 300 siku ya mawingu, lakini jua likipiga sakafu ya kiwanda hupita hapo kwa mbali, na mtoto anaweza kusoma daftari lake mchana bila taa. Kwa chumba kisicho na dirisha hata moja, najivunia namba hiyo waziwazi.

Fundi mmoja mzee wa Lamu, niliyemweleza haya kwa shauku kubwa, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, sisi kila mwaka kabla ya Ramadhani tulipaka chokaa nyumba nzima, hata darini. Asiyepaka, nyumba yake ilikuwa na usiku mchana." Mimi nilikuwa nimehesabu upakaji wa chokaa kuwa usafi na mapambo ya sikukuu. Kwa kweli ulikuwa utunzaji wa mfumo wa taa, na ulipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na lipu ya saruji, nyumba ilipoteza vitu viwili kwa pamoja: mwanga wake, na uwezo wa ukuta kupumua, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe na chumvi hubanduka pamoja na lipu.

Hapa ndipo mpango wangu wa kazi ulipopinda. Nilipaswa kuendelea na ngazi, kisha jiko, kisha michoro ya fanicha, lakini sikuweza kuondoka katika chumba kile kabla ya kuzipima zidaka, yaani safu za vishubaka vya ukutani. Ukuta wa zidaka hukaa ndani, ukiutazama mlango, na nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba vishubaka vile vyeupe viliwekwa ili kuongeza mwanga. Nilivimimina kwa jasi, safu kwa safu, nikaviweka ndani ya kielelezo, kisha nikalinganisha na ukuta mtupu wa weupe uleule. Mwanga wa mezani ulishuka kidogo. Sababu yake ipo wazi, kwani mwanga unaoingia kishubakani hugonga kuta zake mara kadhaa kabla ya kutoka, na kila mgongano hupoteza sehemu yake.

Hata hivyo, nilipochungulia kupitia mlango wa kielelezo, ukuta mtupu ulionekana kuwa karatasi ya kijivu iliyo karibu na uso wangu, ilhali ukuta wa zidaka ulikuwa na kina. Ukingo wa chini wa kila kishubaka ulishika mstari mwembamba wa mwanga unaotoka mlangoni, kilindi chake kikabaki kivuli laini, na kati ya hayo mawili kulikuwa na daraja nyingi za weupe ambazo jicho lilizipitia bila kuchoka. Chumba cha mita 2.5 kilionekana kipana kuliko vipimo vyake. Kipima mwanga hakina namba ya kitu hicho, na nimeamua kwamba katika mradi huu jicho litapewa haki sawa na kifaa: zidaka zinabaki, na hasara ya mezani nitaifidia kwa kuisogeza meza.

Katika masomo yetu usanifu majengo na usanifu wa ndani hufundishwa kwa zamu, wa kwanza ukishughulika na kuta na wa pili ukikabidhiwa kilichobaki ili ukipendezeshe. Nyumba hii haikubali mgawanyo huo. Lipu yake inafanya kazi ambayo kwetu hupewa dirisha, na anayechora ramani yake bila kujua aina ya chokaa itakayopakwa huwa hajajua kama chumba cha mwisho kitakalika.

Ngazi, basi, bado haijachorwa, na tarehe ya kuwasilisha inakaribia. Kwa sasa vibao vya majaribio vya lipu vimepangwa barazani kivulini: chokaa tupu, chokaa yenye mchanga mweupe wa pwani uliooshwa chumvi, na chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe hadi ikang'aa. Vinahitaji majuma kadhaa vikinyonya kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe, na ninavinyunyizia maji asubuhi na jioni visikauke kwa pupa. Vikiwa tayari nitapima kila kimoja kinaakisi kiasi gani, kwanza kikiwa kipya, kisha baada ya kukifukiza moshi wa mkaa, kwa sababu asilimia 80 niliyoitegemea katika hesabu zote hapo juu ni ya ukuta mpya, nami nataka kujua familia itakuwa na mwanga gani mwezi wa kumi baada ya kupaka.