"Kaa nyumbani, tutakuita": nilivyofikisha dai langu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi Arusha

Mwezi wa tano mwaka 2022, masika yakielekea ukingoni na wageni wakiwa wachache kama ilivyo kawaida ya msimu ule, meneja wa loji niliyokuwa nikipika, nje kidogo ya mji wa Arusha, aliniambia nikapumzike nyumbani kwanza na kwamba wageni wakianza kuingia nitaitwa. Hakunipa barua wala hakunitajia kosa lolote. Sisi tunaofanya kazi za utalii tumeizoea kauli hiyo, kwa kuwa watu huondoka na kurudi kwa kufuata misimu, na mara nyingi kweli huitwa. Wapo lakini wasioitwa, ambao hukaa na simu mkononi hadi mwezi wa saba, na wanapoamua kulalamika huambiwa kwamba muda wa kisheria umeshawapita.

Habari ya muda niliipata kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama mmoja wa makamo ambaye hutoa ushauri bila malipo chini ya utaratibu unaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza swali moja tu: "Barua ya kuachishwa umepewa?"

"Sijapewa, mama. Wamesema watanipigia."

"Basi usiisubiri hiyo simu, mwanangu. Waandikie wewe, uwaulize kama bado ni mfanyakazi wao."

Alinieleza kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha kushughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, ilhali madai mengine ya kazi, kama vile mishahara ambayo haijalipwa, yana siku 60. Siku hizo 30 huhesabiwa tangu mfanyakazi alipoachishwa au tangu mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho wa kumwachisha. Anayechelewa huweza kuomba aongezewe muda, lakini ni lazima awe na sababu za msingi, na kusema kwamba nilikuwa nasubiri kuitwa ni sababu dhaifu kwa mtu asiye na maandishi yoyote ya kuonyesha kwamba kweli aliahidiwa kuitwa.

Jioni ile ile nilimwandikia meneja kwenye WhatsApp, kwa adabu: "Habari za kazi, meneja. Naomba kufahamu kama bado ni mfanyakazi wa loji na tarehe ya kurudi kazini, ili niweze kujipanga." Jibu lilikuja baadaye: "Pole dada, nafasi yako tumeshampa mtu mwingine. Ikitokea nyingine tutakufikiria." Yaliniuma, sikatai. Hata hivyo, ujumbe ule ulikuwa na tarehe na saa, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na siku ambayo ningeweza kuiandika kwenye fomu bila mtu kuibishia.

Mkataba wa maandishi sikuwahi kupewa, na wenzangu wengi waliniambia kwamba asiye na mkataba hana kesi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi hivyo. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya sheria naye akashindwa kuyatoa, ni yeye anayebeba jukumu la kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kifungu cha 39 nacho kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Kizuizi kikubwa kilicho wazi ni cha mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yule yule, kwa maana huyo hawezi kudai kwa msingi wa kuachishwa isivyo halali. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka minne.

Kwa hiyo nilianza kukusanya karatasi. Benki walinitolea taarifa ya akaunti iliyoonyesha mshahara ukiingia kila mwezi kwa jina la kampuni ile ile, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, walinipa taarifa ya michango yangu. Kwenye simu nilikuwa na picha za ratiba ya zamu iliyokuwa ikibandikwa kwenye mlango wa stoo ya jikoni, nilizokuwa nikizipiga ili tu nijue siku zangu za mapumziko, na jina langu lilionekana vizuri chini ya doa la mafuta. Yote hayo, pamoja na ule ujumbe wa meneja, niliyachapisha stesheneri. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokelewa, ila ni vema kuitunza simu yenyewe, maana karatasi iliyochapwa inaweza kuhojiwa imetoka wapi.

Fomu ya kufungulia mgogoro, CMA F1 (CMA ni kifupi cha jina la Tume kwa Kiingereza), haina ada. Ina sehemu B inayojazwa na walioachishwa kazi pekee, na mahali pa kueleza unachokitaka: kurudishwa kazini, kuajiriwa upya au kulipwa fidia. Niliomba fidia, kwa sababu sikujiona nikirudi kwenye jiko lile kwa amani. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alinisaidia hesabu. Mshahara wangu ulikuwa shilingi 390,000 kwa siku sita za kazi kwa wiki, ambao ukigeuzwa kuwa wa siku unafika takriban shilingi 15,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kwa hiyo kwa miaka minne kilikuwa shilingi 420,000. Juu yake tuliweka malipo ya notisi ya siku 28, likizo ambayo sikuipata, cheti cha utumishi, na fidia ya miezi 12, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa kiwango cha chini katika sheria. Nauli ya kurudishwa kwetu hatukuidai kwa kuwa niliajiriwa hapa hapa Arusha, ingawa kwa mtu aliyeletwa kutoka Tanga au Singida fungu hilo huwa na fedha nzuri na wengi hulisahau.

Nakala ya fomu hupelekwa kwa mwajiri kwanza, na Tume huonyeshwa uthibitisho kwamba ameipokea. Hapo ndipo nilipopata shida kuliko mahali pengine popote. Mlinzi wa getini, ambaye nilikuwa nikimwekea ugali kila zamu ya usiku, aliishika ile bahasha akairudisha, akasema, "Dada, mimi nina watoto." Sikumlaumu, na sikutaka kumponza. Nilisimama pale nje mpaka mhasibu alipofika na gari lake, nikamsalimia, nikampa kitabu cha kupokelea barua, naye akasaini na kugonga muhuri bila neno.

Siku ya usuluhishi mwajiri alimtuma afisa utumishi pamoja na wakili, nami nilikwenda na mjomba, kwani sheria inamruhusu mtu kuwakilishwa na wakili, chama cha wafanyakazi au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Kufika ni jambo la lazima: mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea, linaweza kuamuliwa bila yeye. Wakili alisema nilikuwa kibarua wa msimu. Msuluhishi, ambaye kazi yake ni kupatanisha na si kutoa hukumu, alimwonyesha michango ya NSSF ya miezi ya masika ya kila mwaka, kisha akatutenganisha na kuzungumza na kila upande faragha. Walianza kwa kutaja mshahara wa mwezi mmoja. Mwishowe tulisaini makubaliano ya notisi, likizo, kiinua mgongo chote na fidia ya miezi mitano.

Wapo walioniambia kwamba nilijipunja. Mimi nilipima hivi: ningekataa, shauri lingekwenda kwa mwamuzi, kwenye mashahidi, na wenzangu ambao bado walikuwa kazini wasingethubutu kuja kunisemea, na hata ningepata tuzo, yaani uamuzi wa kunipa haki, mwajiri angekuwa na wiki sita za kuomba marejeo, yaani uamuzi huo upitiwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, wakati kodi ya chumba changu mtaa wa Sakina ilikuwa inanidai. Isitoshe, mji huu ni mdogo kwa watu wa utalii, na loji mbili zilizokuwa zimeniahidi usaili zilinyamaza baada ya habari kusambaa.

Malipo yalikuwa ya awamu mbili. Ya pili ilipochelewa, niliwaandikia kuwakumbusha kwamba makubaliano yaliyosainiwa mbele ya Tume hutekelezwa kama amri ya mahakama, na fedha ziliingia benki kabla sijaanza kuomba utekelezaji. Cheti cha utumishi kilikuja mwisho, kikiwa na jina la baba yangu limekosewa na kazi yangu imeandikwa "msaidizi wa jikoni". Nilikirudisha kwa barua, nikataka kiandikwe "mpishi", na safari hii aliyenipokea getini alikuwa yule mlinzi, akasaini mwenyewe.