Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa darasa la kwanza, tena nikiwa zamu

Naandika hii kwasababu nimechoka kusikia watu wakisema darasa la kwanza ni la mwalimu anayepumzika, eti unaimba imba na watoto alafu saa sita uko nyumbani. Nina miaka 9 kwenye darasa hilo hilo, na niliomba mwenyewe. Hii ni siku yangu ya jana.

Saa 11 alfajiri macho wazi. Maandalio ya somo niliyaandika usiku kwahiyo ni kuoga na kutoka.

Saa 12 na nusu niko shule. Wiki ya zamu unawahi kuliko wote, unafungua madarasa, unasimamia usafi, unapiga kengele, unakagua kucha na sare mstarini, matangazo, wanaingia.

Saa 2 kusoma. Watoto wangu ni 68 na nawajua wote kwa majina na kwa mwandiko. Irabu tulishamaliza, tuko kwenye silabi, na jana ilikua zamu ya da de di do du, somo ambalo kila mwaka najiandaa nalo kwelikweli maana hapo ndo b na d zinaanza kugombana. Naziachanisha makusudi, ba be bi bo bu nilifundisha wiki 6 nyuma, lakini bado zinagombana tu.

Kuna katoto kanakaa dawati la nyuma karibu na dirisha, nimetamka "baba" kenyewe kakaandika "dada". Nikachuchumaa pembeni yake, sikumwambia amekosa, nikamwambia nisomee. Akasoma kwa sauti "baba" huku kidole kinapita juu ya d. Yani kichwani lilikua sahihi kabisa, mkono ndo umegeuza. Watoto wengi wa miaka 6 na 7 wanafanya hivo na wala sio ujinga, sio ugonjwa. Maisha yake yote kikombe ukikigeuzia mkono kushoto au kulia ni kikombe kile kile, leo anaambiwa fimbo na tumbo vikibadilishana upande inakua herufi nyingine, lazima achanganyikiwe. Nikamshika mkono tukaandika hewani, b fimbo kwanza ndo tumbo, d tumbo kwanza ndo fimbo. Tukarudia mara tatu, ya nne akawa anafanya peke yake ameuma ulimi, na hapo hapo naitwa nje.

Saa 3 na dakika 20, mzazi anataka kuiona shule kabla hajaandikisha mtoto. Mwalimu mkuu yuko kikaoni, wa zamu ni mimi. Nikamuomba kwa heshima zote asubiri kipindi kiishe, akasema hana muda huo. Mwenzangu wa darasa la pili akaacha milango yote miwili wazi akawa anaangalia madarasa mawili kwa mpigo, mimi nikatoka na chaki mkononi.

Swali la kwanza, mna kompyuta ngapi. La pili, matokeo ya mwaka jana mlishika nafasi ya ngapi. Sio maswali mabaya, mzazi ana haki ya kuuliza na nilimjibu yote bila kuficha. Kilichonichosha ni kwamba alikua anatembea kwenye korido na simu mkononi, anapiga picha nyufa, anapiga picha ukuta wetu ulioandikwa UPENDO HESHIMA BIDII, anausoma kwa sauti alafu anasema "safi", ila kuingia darasani hataki. Nikamwambia mzazi karibu uingie, angalia hapa, madirisha makubwa yako kushoto kwa mtoto anayetazama ubao, ili anayeandikia mkono wa kulia asijizibie mwanga kwa mkono wake mwenyewe. Angalia madawati, haya tulimuita fundi akayakata miguu, maana watoto walikua wananing'inia na mtoto ambaye nyayo hazigusi chini hatulii hata ufoke mpaka sauti ikauke. Angalia kona ya kusomea, vitabu vilivyochanika tumevishona kwa uzi. Akanijibu, "Mwalimu, hivo ni vitu vidogo, mimi nataka kujua kiwango."

Alafu akaniuliza hawa ambao bado hawajui kusoma hawatamrudisha nyuma mtoto wake? Wako pale wanamsikia. Nikamwambia mzazi, miezi michache iliyopita nusu ya hawa hawakujua hata kushika penseli, na wa kwako atafundishwa vile vile. Niliongea taratibu lakini kifua kilikua kinaniuma.

Kengele ya mapumziko ikatukuta huko huko, zaidi ya saa nzima imeenda. Nikampeleka vyooni, akashangaa kwanini. Kwasababu mimi nikienda shule yoyote naanzia chooni, utaona wanawachukuliaje watoto. Kwenye mlango wa mwisho upande wa wasichana kulikua na binti wa darasa la tano amesimama, ameegemeza mgongo mlangoni na mguu mmoja ameukaza kwenye nguzo. Komeo liling'oka. Ndani yuko mwenzake. Hakuna aliyemtuma, ameacha mapumziko yake mwenyewe kumlindia mwenzake, na wakimaliza wanabadilishana.

Nikamwambia yule mzazi ukweli wote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu maji na usafi mashuleni unasema choo 1 kwa wasichana 25, na kwa wavulana choo 1 na sehemu 1 ya kukojolea kwa kila 50. Sisi wasichana ni 212, matundu 5, piga hesabu mwenyewe. Pale ukutani tumeandika heshima na watoto wameishika, sisi wakubwa ndo komeo limetushinda. Hakupiga picha. Akaniambia asante mwalimu, nitawajulisha, akaondoka.

Baada ya hapo hata saa sikuangalia tena. Kuhesabu kwa vijiti, mmoja ametapika, wawili wamegombania kichongeo, naosha, nasuluhisha, narudi kwenye kumi na moja kumi na mbili, wangu wakaondoka nikaingia sayansi darasa la nne sauti imeshakatika, naandika ubaoni zaidi ya ninavyoongea, miguu inawaka moto, nikitoka hapo kuna daftari 68 na kila moja linataka zaidi ya alama ya vema, linataka umuonyeshe mtoto mstari wake ulikopinda.

La yule wa dirishani nilikuta dada, dada, dada, dada, alafu kafuta kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka, pembeni ya tundu kaandika baba. Nililishika kwa muda lile daftari.

Saa 10 jioni shule tupu. Nikachukua kipande cha waya nikafunga pale komeo lilipokua, nikaingia nikajaribu kwa ndani, linashika ila mtoto mdogo hatafika. Nikashusha chini kidogo, nikajaribu tena nimechuchumaa, sawa. Kwenye kitabu cha zamu nikaandika komeo la choo cha wasichana, mlango wa tano, mara ya tatu sasa, nikaweka tarehe, nikasaini, nikafunga ofisi.